Simu Kutoka Stesheni ya Milano

Tulikuwa wanawake wanne, na kila mmoja wetu alikuwa amewaogeshea watu wengine wazazi wao kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Tulijuana kazini, katika nyumba ya wazee moja hapa Minneapolis. Rafiki yangu wa karibu kabisa alikuwa jirani pia. Tuliishi jengo moja huko Columbia Heights, yeye ghorofa ya kwanza, mimi ya tatu. Wa tatu wetu alikaa Plymouth, Mkenya kama sisi, nesi aliyekuwa akipanga zamu za wenzake na ambaye hakuweza kuona karatasi tupu bila kuandika orodha. Wa nne alikuwa dada yetu kutoka Bukavu, aliyefika huku kama mkimbizi na watoto watano. Kifaransa chake ndicho kilichotupa moyo kwamba Ulaya tungeiweza.

Safari tuliizungumza kwa miaka mingi kwenye chumba cha mapumziko, tukila chakula cha moto kwa haraka kabla kengele ya mgonjwa haijalia. Tutaanzia Brussels, kwa mdogo wake yule wa Bukavu. Kisha Paris. Kisha treni hadi Milano, na mwisho Roma, maana rafiki yangu ni Mkatoliki wa kufunga Kwaresima yote bila kuiba hata siku moja, na Roma aliitaja kama watu wanavyoutaja mji walikozaliwa. Katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi, wote wanne tukawa tumestaafu au tumebakiza zamu chache, na mwenzetu wa Plymouth akatuletea orodha yake ya kwanza.

Majira ya baridi kabla ya safari, niliteremka chini kufua nikamkuta rafiki yangu kwenye chumba cha mashine. Amesimama mbele ya mashine iliyokuwa imemaliza kazi, nguo zake zimo ndani, na kidole chake kimeelekea kwenye vitufe bila kugusa kimoja. Sijui alikuwa amesimama hapo muda gani. Si mara ya kwanza. Wiki hizo alikuwa ameniletea githeri asubuhi, akaniletea tena adhuhuri, na mara ya pili akaniambia yale yale aliyoniambia mara ya kwanza, na vituo vile vile, na kicheko pale pale.

"Usinitazame hivyo," akaniambia. "Nimewatazama wengi hivyo. Naujua huo uso."

Nilimwambia twende kwa daktari. Akasema ataenda, lakini tukisharudi. Binti yake wa pekee, aliyefanya kazi kwenye ghala huko Eagan, akisikia neno daktari atamfungia ndani, na huo ndio utakuwa mwisho wa kila kitu. Alilisema hili taratibu, bila machozi, huku akitoa nguo zenye maji na kuzitia kwenye kikapu.

"Nipeleke Roma kwanza," akasema. "Utalala chumba kimoja na mimi, utanishika mkono barabarani. Nikirudi nitakwenda popote mtakaponipeleka."

Nikakubali. Nilijiambia kwamba kazi hiyo ninaijua kuliko kazi nyingine yoyote duniani. Nimewavusha wangapi koridoni wakidhani wanaenda kukamua ng'ombe? Wiki tatu za Ulaya nitamvusha huyu.

Lakini mwezi mmoja kabla ya kuondoka, baada ya kufanyiwa upasuaji wa goti, mguu wangu ulivimba mpaka kiatu hakikuingia. Daktari akakuta damu imeganda kwenye mshipa. Akanipa dawa, akaniambia nisipande ndege kwa miezi mitatu, na nilipojaribu kumbembeleza alinieleza polepole, kama nilivyokuwa nikiwaeleza wagonjwa wangu, damu hiyo ikipanda kwenye mapafu huwa inafanya nini.

Siku ile ile niliteremka kwa rafiki yangu, ngazi moja baada ya nyingine, na mkongojo. Nikamwambia sasa lazima tuwaambie wenzetu, na tumwambie binti yake. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaniambia kwamba hajawahi kuniomba kitu, na ni kweli, katika miaka yote ile hajawahi. Nikakaa pale kwake mpaka chai ikapoa. Nilipanda ngazi kurudi kwangu bila kuwapigia wenzetu, na hapo nikawa nimekubali mara ya pili.

Nilichowaambia wenzangu ni kwamba anachoka haraka, wasimwache peke yake. Mwenzetu wa Plymouth akakiandika hicho kwenye orodha: anachoka haraka.

Juma la kwanza nilianza kupumua. Picha zilikuja kwenye kundi letu la simu kila walipopata waifai hotelini. Rafiki yangu kwenye meza ya mdogo wa yule wa Bukavu, sahani ya sombe, kisamvu cha kwao, mbele yake, anacheka. Rafiki yangu Paris, amejifunga skafu ya kijani, amesimama wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Sauti yake pia ilikuja, ikinieleza kwamba mkate wa huko ni mgumu na watu wanautembeza mikononi bila kuufunga. Nilisikiliza ujumbe huo mara nyingi, nikitafuta kosa, na sikuliona. Nikaanza kufikiri kwamba labda nilikuwa nimeogopa bure.

Siku waliyoingia Milano, saa tatu asubuhi ya kwetu, nilikuwa jikoni, mguu juu ya kigoda, simu ikalia. Ilikuwa yeye. Kati yao watatu, simu yake tu ndiyo iliyofanya kazi barabarani, kwa sababu binti yake alikuwa amemlipia laini ya nje. Wale wengine walitegemea waifai.

"Dada, uko wapi?" akaniuliza. "Nimesimama hapa stendi mpaka miguu inaniuma. Basi halijapita hata moja."

Nikamuuliza stendi gani. Akacheka kidogo, kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto.

"Si hapa Central Avenue. Tutachelewa zamu."

Central Avenue ni barabara ya kwetu Columbia Heights, tulikokuwa tukipandia basi la kazini. Nyuma ya sauti yake nilisikia kipaza sauti kikitangaza treni kwa lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua. Nikauliza wenzetu wako wapi. Akauliza wenzetu gani.

Kazini tulifundishwa tusibishane na mgonjwa wa kusahau. Humwambii kwamba mama yake alikufa zamani, humwambii kwamba shamba liliuzwa. Unaingia pale alipo na unakaa naye. Miaka yote hiyo nililifanya jambo hilo nikiwa nimeshika mkono wa mtu, nikiweza kumgeuza taratibu kuelekea chumbani kwake. Sasa sikuwa na mkono wa kushika. Nilikuwa na sauti yangu tu.

"Kaa kwenye benchi," nikamwambia. "Usipande basi lolote. Nakuja."

"Unakuja na gari?"

"Nakuja na gari."

"Haya," akasema, na nikasikia akihema kwa kuridhika.

Nikamuomba ampe simu mtu yeyote aliye karibu naye. Alikataa mara mbili, kisha nikasikia sauti ya mwanamume. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba huyo mama amepotea, tafadhali aite polisi. Alijibu kwa maneno mengi na ya upole, nami nikashika neno moja tu, Milano. Nikarudia polisi, polisi. Labda alinielewa, labda sivyo. Rafiki yangu akaichukua simu yake.

"Huyu mtu anataka nini kwangu?" aliuliza, na sasa alikuwa ameogopa.

Nikamwambia ni mtu mwema. Nikamuuliza anaona nini mbele yake. Akasema watu wana masanduku, wote wana masanduku, kwani kuna nini leo? Kisha akaniambia simu yake inalia mlio wa kuishiwa chaji, na niliposema usiifunge, laini ilikatika.

Nilipiga tena zaidi ya mara ishirini. Niliwapigia wale wengine wawili, simu zao zikawa kimya. Niliwaandikia kwenye kundi nikijua hawatasoma mpaka wafike mahali penye waifai. Nilisimama nikaenda mlangoni, nikavaa kiatu kimoja, nikakumbuka hakuna mahali pa kwenda. Hicho kiatu kimoja nilishinda nacho mguuni.

Nikampigia binti yake.

Alifika kutoka Eagan akiwa bado amevaa fulana ya kazini yenye mistari inayong'aa. Nilimweleza yote, kuanzia chumba cha mashine. Tangu akiwa msichana mdogo alikuwa akinisikiliza kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza, na siku hiyo pia.

"Ulijua tangu lini?" akaniuliza.

Nikamwambia tangu Januari.

Alikwenda dirishani akanigeuzia mgongo, akaanza kupiga simu: ubalozi, polisi wa Milano, hoteli waliyokuwa wafikie. Kila mahali aliwekwa kwenye muziki. Alipoulizwa mama yake amevaa nini, akanigeukia mimi, maana ni mimi niliyekuwa nimeziona picha. Nikasema skafu ya kijani. Akarudia skafu ya kijani, kisha akalazimika kuikata simu ili asisikike akilia. Nilinyanyuka nimfuate. Akainua mkono kunizuia, nikakaa.

Tulikaa hivyo hadi saa sita mchana, watu wawili katika jiko dogo, hakuna anayemtazama mwenzake. Niliomba. Sala zangu zote ziliisha, nikaanza upya. Kilichonitesa zaidi ni kwamba pengine bado alikuwa amekaa kwenye benchi kwa kuwa nilimwambia nakuja, na pengine alikuwa ameshachoka kuningoja akanyanyuka.

Simu iliyokuja ilitoka kwa dada wa Bukavu, aliyekuwa amepata waifai.

"Tumemupata," akasema. "Iko salama. Tuko naye kwa polisi."

Alieleza wakati tunalia sote wawili, binti amebana sikio lake kwenye simu yangu. Walikuwa wameshuka kwenye treni ya Paris, wakitafuta ile ya kuwafikisha hotelini. Mwenzetu wa Plymouth alikwenda kwenye foleni kuulizia tiketi, na yeye akaenda chooni, wakamwacha rafiki yangu na masanduku kwa dakika tano. Waliporudi walikuta masanduku tu. Waliizunguka stesheni ile yote, ambayo ni kubwa kama mtaa mzima. Polisi ndio waliomkuta, nje, kwenye kituo cha mabasi, mkoba umelala mapajani. Alikuwa hajaondoka kwenye benchi. Aliwakatalia kuondoka pia. Alisema kuna mtu anakuja kumchukua na gari.

Binti aliamua wasiendelee, na hakuna aliyembishia. Roma hawakufika. Walikaa Milano siku mbili kutafuta ndege, na siku zote hizo rafiki yangu alikuwa mzima kabisa, akiuliza kwa nini kila mtu amenuna na kwa nini hawapandi treni. Mwenzetu wa Plymouth ndiye aliyepewa kazi ya kumwambia. Sijawahi kumuuliza alitumia maneno gani.

Nilikwenda kuwapokea uwanja wa ndege, ingawa binti hakuniita. Nilisimama mbali kidogo, na mkongojo wangu. Walitoka watatu, wamechoka, skafu ya kijani shingoni kwake. Alimkumbatia binti yake kwanza. Kisha akaniona, akaja moja kwa moja, akanishika mikono yote miwili.

"Wewe ulipanda ndege gani?" akaniuliza. "Tulikutafuta sana pale Paris. Uliposema mkate wao ni mgumu nilicheka mpaka jino likauma."

Nikamwambia nilitangulia mbele. Ningesema nini kingine?

Mwenzetu wa Plymouth hakunisemesha kwa nusu mwaka. Alinirudishia orodha ile, amepigia mstari yale maneno mawili, anachoka haraka, na hakuandika kitu kingine. Yule wa Bukavu alikuja kunisalimu Jumapili iliyofuata, akakaa, akanywa chai, na alipokuwa akivaa koti ndipo akasema.

"Ungetuambia tu, dada," akasema. "Tungemufunga kamba kwa mukono, lakini tungeenda naye. Hata Roma tungefika."

Hilo ndilo lililonivunja. Nilikuwa nimeificha siri yake ili asinyimwe safari, na kumbe kuficha kwenyewe ndiko kulikomnyima.

Daktari alisema tulichokuwa tukikijua. Mwaka uliofuata binti alimhamishia kwake Eagan, na baada ya miaka miwili, alipoanza kutoka nje usingizini bila viatu, akampeleka kwenye nyumba ya wazee. Mimi ndiye niliyeulizwa ipi ni nzuri, kupitia kwa dada wa Bukavu, na nilijibu kupitia kwake vile vile.

Ninakwenda kila Alhamisi. Humkuta binti mara nyingine. Tunasalimiana. Ninamlisha mama yake uji, nikipangusa kidevu kila baada ya kijiko, na wasichana wanaofanya kazi pale huniuliza kama niliwahi kuifanya kazi hii. Rafiki yangu haniiti tena kwa jina lolote. Kuna siku hunitazama kwa adabu, kama mgeni wa kanisani, na hunikaribisha kukaa wakati nimeshakaa.

Alhamisi moja ya Februari nilitoka nikakuta theluji imeganda kwenye vioo vya gari langu, na binti yake yuko pale, kwenye maegesho, anakikwangua kioo cha mbele. Langu alikuwa hajalimaliza na lake lilikuwa bado jeupe pande zote. Nilisimama nyuma yake. Nilitaka kumwambia kitu, na kwa miaka mingi nilikuwa nimekitayarisha, lakini baridi ilinishika meno, nikaanza kutafuta funguo mkobani.

"Washa heater," akaniambia, kwa Kiswahili. "Utaganda hapo."

Nikaingia, nikawasha. Alikwangua hadi upande wangu ukaonekana, kisha akaenda kwenye gari lake.