Mapera ya Matanga

Hudson alikuwa ameitunza bustani ya Bi Khairiya, mjane wa Kizanzibari wa huko Deira, Dubai, kwa miaka sita. Haikuwa bustani kubwa: mipera mitatu, mikomamanga miwili, mndimu mmoja na tuta la mchicha nyuma ya jiko. Kila Oktoba joto lilipoanza kulegea, matunda yaliiva kwa mkupuo, na Bibi akayagawa kwa majirani.

Jumatano moja ya Oktoba 2014, Hudson alikuwa juu ya ngazi akichuma mapera simu ilipolia. Ni kaka yake Lenny, kutoka kwao Vihiga, Kenya.

"Mama ametuacha," Lenny alisema. "Wazee wameamua tuzike Jumamosi."

Bi Khairiya alimkuta ameketi kwenye udongo uliolowa, kapu limepinduka. Aliposikia, alimpigia mwanawe Raed, ambaye ndiye kafeel wa Hudson, yaani mdhamini wa kibali chake cha kazi. Raed alikuwa safarini. Pasipoti ya Hudson ilikuwa ndani ya kasha la ofisini kwake, na ufunguo alikuwa nao mwenyewe.

"Narudi Jumanne, mama, inshallah."

"Jumanne mwenzio keshazikiwa mama yake!" Bibi alifoka, akakata simu, akabaki kuishika tu.

Ijumaa ilikuwa siku ya mapumziko, lakini Hudson alitoka kumwagilia maji; chumbani hakukukalika. Bibi akamfuata na makapu.

"Chuma yote, mwanangu, usibakishe. Mwaka huu majirani watanisamehe. Waite wenzio, mkae matanga."

Mwenyewe, pamoja na magoti yake mabovu, alichuma ya matawi ya chini.

"Mamako alipanda nini?"

"Mahindi, Bibi. Na mparachichi mmoja karibu na mlango. Juzi tu aliniambia umezaa, nije nile kabla ndege hawajamaliza."

Bibi aligeuka, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Jioni ile Wakenya kumi na wawili walijaa chumbani kwa rafiki yake Jairus, mtaa wa Al Quoz. Waliimba, wakaomba, wakala mapera na komamanga wakimsikiliza Hudson akisimulia habari za mama yake: alivyocheka, alivyomchapa siku alipotoroka shule. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatano kuongea kwa urefu.

Jumamosi Lenny aliielekeza simu kaburini. Hudson alisikia wimbo, kisha majembe.

"Nitupie udongo kwa niaba yangu," alisema. Simu ikakatika, na hakujua kama Lenny alimsikia.

Jumanne Raed alimletea pasipoti kwa mkono wake.

"Nisamehe, Hudson. Tiketi nakukatia leo hii."

"Leo nikamwone nani, sir?"

Hudson alienda kwao Desemba. Kaburi lilikuwa limeshaota majani. Alipiga magoti, akayang'oa moja moja, na ndugu zake walipomwita kula hakuinuka.