Kigelegele cha Bibi Kwenye Santuri ya Tabora

Enzi zetu wimbo ulikuwa kitu cha kubebwa kwa mikono miwili. Ninyi mliokulia Landani miaka ile ya sabini, watoto wa manesi na makondakta wa mabasi, mtakumbuka jinsi santuri ilivyoshikwa pembeni kwa viganja, ikapulizwa vumbi kwa pumzi ndogo, na mtoto mwenye vidole vya mafuta akafukuzwa karibu nayo kama mwenye surua. Binti yangu Neema ana nyimbo za dunia nzima mfukoni na hakuna hata mmoja anaousikiliza mpaka mwisho. Anauonja, anauacha, kama mteja anayedonoa zabibu dukani bila nia ya kununua.

Kwetu Kingsbury, mtaa wa Landani, hapakuwa na radiogramu ya kupigia santuri. Aliyekuwa nayo ni Mjomba Jayanti, mwenye duka la unga, dengu na viungo karibu na kituo cha basi, Mhindi mzaliwa wa Tanga aliyekuja Uingereza na mkewe, cherehani, na Kiswahili chake chote bila kudondosha hata neno moja njiani. Sebule yao ilikuwa juu ya duka. Ukipanda ngazi ulikutana kwanza na harufu ya bizari, halafu ya ubani, halafu ya bhajia, na kwa sisi watoto hiyo ya tatu ndiyo iliyotufanya tupende muziki.

Kila Jumapili baada ya misa tulikwenda pale, baba mbele na santuri mbili chini ya koti, mama nyuma na bakuli la vitumbua. Santuri zenyewe zilikuwa za utungo mmoja: ile misa ya Kiswahili iliyotungwa ngoma zilipoanza kuruhusiwa kanisani, ambayo kila kwaya iliitamani, mpaka Wazungu nao wakaiimba. Moja ilirekodiwa Tabora, katika parokia ya mama. Nyingine iliimbwa na kwaya ya Waingereza hapa hapa Landani, na baba aliinunua kwenye mnada wa vitu vilivyotumika, akarudi nayo anatembea kama aliyeoa mara ya pili.

Baba alikuwa mwalimu nyumbani na kondakta wa basi hapa, na jioni za Ijumaa aliongoza kwaya yetu ndogo ya Waswahili katika ukumbi wa kanisa. Alikuwa anatutayarisha kwa Pasaka, na alitaka tuimbe kama santuri ya Waingereza. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Nikiisikiliza leo kwa haki, ile ya Waingereza ilikuwa safi kweli. Sauti zote nne unazisikia kila moja peke yake, kama nguo zilizotandazwa kwenye kamba. Ngoma ilipigwa kwa adabu ya mtu anayebisha mlango wa meneja. Lakini penye vigelegele, kwenye wimbo wa Utukufu, mambo yalibadilika. Ni wazi kwamba mtu alikuwa amewaandikia vigelegele kwenye karatasi ya noti za muziki. Walianza pamoja, wakaenda pamoja, wakakoma pamoja, na baada yake ukasikia kabisa wanavuta pumzi pamoja. Mjomba Jayanti alisikiliza, akatafuna, akatoa hukumu.

"Hawa bwana wanaimba kama watu waliovaa viatu vipya."

Ile ya Tabora ilikuwa kinyume chake. Kuna jogoo. Kuna benchi linalolia kila wenye besi wanapoinuka. Ngoma imewafunika wenye sauti ya teno wote, na ukitaka kuwasikia lazima ujue tangu mwanzo kwamba wapo. Na kwenye Utukufu, pale ambapo kwaya yote inanyamaza kidogo kabla wanawake hawajapokea kwa vigelegele, mtu mmoja hakusubiri. Kigelegele kimoja, chembamba, kinatoka mbali karibu na mlango, peke yake ndani ya ukimya ule, na kwaya inamfuata kama watu waliochelewa wao.

Huyo alikuwa bibi yangu, mzaa mama. Hakuwa hata mwanakwaya. Alikuwa amewaletea waimbaji uji, akasimama mlangoni na ndoo yake. Watu wa redio waliokuja kurekodi walitaka kurudia, lakini mafuta ya jenereta yalikuwa yanakwisha, wakaiacha ilivyo. Kwa hiyo bibi, ambaye hakuwahi kuvuka hata mpaka wa Kenya, alikuwa anatoa kigelegele Kingsbury kila Jumapili mchana, juu ya duka la dengu.

Baba alikiita kosa. Alisema kwa upole, kwa maana alikuwa anamzungumzia mama mkwe, lakini alikiita kosa: mapumziko ni mapumziko, na mwimbaji mzuri anajulikana kwa jinsi anavyonyamaza. Mama alimjibu kwamba mtu akifurahi hahesabu. Kesi ilipelekwa kwa Mjomba Jayanti, aliyeaminiwa na pande zote kwa sababu hakuwa Mkristo, hakuwa wa Tabora, na hakujua kusoma noti. Alihukumu upande wa mama karibu kila mara. Baba alilalamika kwamba hakimu amehongwa vitumbua, na hakimu alikiri, akaomba kingine.

Pasaka ile tuliimba Kiingereza, ninamaanisha kwa namna ya Kiingereza. Mama alikuwa mstari wa sauti ya pili. Penye ukimya niliona kifua chake kimejaa na macho yake yako kwenye mkono wa baba. Mkono uliposhuka wanawake wakatoa vigelegele wote pamoja. Vilikuwa sahihi. Padre alitusifu kwa nidhamu yetu.

Mwaka uliofuata ikaja habari kwamba bibi amefariki. Mama hakwenda. Nauli ya ndege enzi hizo haikuwa ya familia kama yetu, na habari yenyewe ilifika mazishi yameshapita. Hatukuwa na picha yake isipokuwa moja ambayo ameinamisha uso, na sauti yake ilibaki mahali pamoja tu duniani, kwenye mfereji ule mwembamba wa santuri, kati ya kwaya kunyamaza na kwaya kuanza.

Tangu hapo Jumapili zikawa na utaratibu mwingine. Utukufu ulipokaribia mama aliinua kidole, na sisi tuliacha kutafuna hapo hapo, bhajia mdomoni, mpaka bibi apite. Kisha mama alimtazama Mjomba Jayanti, naye aliinua sindano na kuirudisha nyuma kidogo. Tena. Na tena. Baba hakulitaja tena neno kosa. Alichosema, akiwa amegeukia dirishani, ni kwamba wakiendelea hivi watachimba shimo.

Wakachimba. Jumapili moja sindano ilifika pale, ikakwaruza, ikaruka, na kwaya ikaanza bila bibi. Mjomba Jayanti aliweka sarafu ya peni juu ya kichwa cha sindano, kama tulivyofanya wote enzi hizo, tukamsikia bibi tena, kwa mbali, kama aliye nyuma ya mlango wa pili. Mama akasema basi. Aliitoa santuri mwenyewe, akaifunga kwa kanga yake, akaiweka juu ya kabati.

"Tutammaliza," alisema.

Kuanzia siku ile hatukuipiga tena. Tulisikiliza ya Waingereza, na hakimu akawa anakula vitumbua bila kesi yoyote ya kuamua. Tulikua, tukahama, Mjomba Jayanti na mkewe wakamfuata mtoto wao mji mwingine, baba akaaga dunia. Santuri imebaki juu ya kabati kwa mama, ndani ya kanga ileile, na mama hakumsikia mama yake miaka yote hiyo ili asimpoteze.

Mimi sasa nakaa Ilford. Juzi, Jumapili, tulivuka Landani nzima na Neema kwenda kumwona. Njiani Neema alikuwa na vile vidude vyake masikioni, anaonja zabibu zake, halafu ghafla akanionyesha kioo cha simu: misa ya Tabora. Mtu fulani ameipata kanda ya zamani, ameisafisha, ameiweka mtandaoni kwa watu wote. Tulishuka Kingsbury nayo. Sikujua kama nimechukua zawadi au msiba.

Mama alikaa kwenye kiti chake cha dirishani, kanga mabegani. Nilipomwambia ni nini, alijifuta midomo kama mtu anayekaribia kukutana na mgeni. Neema akabonyeza. Kweli ilisafishwa. Jogoo hayupo. Benchi halilii. Wenye teno, jamani, wanasikika, na wanaimba vizuri kuliko tulivyowadhania. Utukufu ulipokaribia mama aliinua kidole. Nilimtazama Neema, na nitamshukuru kwa hili, alikoma kutafuna kitumbua chake.

Kwaya ikanyamaza. Ukimya ukawa ukimya mtupu, mweupe, kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Bibi alikuwa amesafishwa pamoja na jogoo na benchi. Baba angefurahi, nikawaza, halafu nikajua kwamba asingefurahi hata kidogo.

Vigelegele vya kwaya vikapita mahali pake. Mama alishusha kidole polepole. Hakulia. Aliuliza tu kama mashine ya Neema inaweza kurudi nyuma. Neema akairudisha. Kwaya ikafika pale, ikanyamaza, na mama, mwenye umri mkubwa sasa kuliko bibi alipokuwa mlangoni na ndoo yake, akafungua kinywa na kutoa kigelegele kimoja, chembamba, peke yake ndani ya ukimya ule. Kwaya ikamfuata.

Neema alicheka kwa mshangao, akasema kwa Kiingereza chake kwamba bibi yake ameingia mapema.

"Hapo ndipo panapoingiwa," mama alimjibu. "Rudisha."

Enzi zetu tuliogopa kurudisha, kwa sababu kila mara tuliacha kitu kidogo cha wimbo kwenye ncha ya sindano. Simu ya Neema haina sindano. Unaweza kurudisha mpaka kesho na haitachimbika, na ndiyo maana wenzetu hawa wadogo hawajui kushika wimbo kwa mikono miwili. Pale sebuleni kilichokuwa kinapungua ni pumzi ya mama tu, na yeye hakuwa anaiweka akiba juu ya kabati.

Neema akarudisha. Mama akaingia mapema tena.