Betri ya Fundi Swaib

Fundi Swaib alikuwa amefufua betri za magari kwa miaka ishirini na sita pale Mpumudde, Jinja, na wateja waliorudi kulalamika walikuwa wa kuhesabika. Kwa hiyo bintiye Shamirah, aliyeolewa Mbale, alipojifungua mtoto njiti wa miezi saba katika zahanati ndogo ya Nkoma, hukohuko Mbale, alimpigia simu yeye.

"Baba, mtoto anapumua kwa mashine ya oksijeni. Umeme hapa unakatika kila siku, na betri yao imekufa."

Swaib alichagua betri ya lori, akaipima: volti kumi na mbili na nukta saba. Kazi ilimtaka kwanza aiunge na taa kubwa za lori aone kama itahimili, maana betri iliyochoka huonyesha volti zake zote ikiwa imekaa bure; ikianza kusukuma mkondo mkubwa, ukinzani wa ndani yake huzila. Lakini gari la Mbale lilikuwa linaondoka. Akaipakia hivyo hivyo.

Zahanatini aliiunga na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, akawasha balbu moja. Ikawaka vizuri. Alitaka kuijaribu kwa mashine yenyewe, lakini alipomtazama mtoto, kifua chake chembamba kikipanda na kushuka, mikono ilikataa kuuchomoa waya wa mashine ukutani.

Siku ya tatu, saa sita mchana, umeme ukakatika. Mashine ilinguruma sekunde chache, inveta ikapiga kelele, kisha kimya. Swaib akaiwasha inveta tena. Ikazima. Akaweka mita: kumi na mbili na nusu. Akawasha tena huku akiitazama: tisa. Volti zaidi ya tatu zilikuwa zinapotelea ndani ya betri kabla hazijafika popote.

"Mzee, achana nayo," alisema Nesi Nambozo, akimfunga mtoto kifuani kwake kwa kanga. Akapanda boda boda kwenda hospitali kubwa. Mtoto alikata roho njiani.

Baada ya maziko watu walimshukuru Swaib. Mkwewe Rajab alimshika mkono kwa mikono miwili.

"Baba, umejitahidi. Ni amri ya Mungu."

Shukrani hizo zilimchoma. Alivumilia siku mbili, kisha akamwita bintiye nyuma ya nyumba.

"Betri ile sikuijaribu sawasawa, mwanangu. Niliona volti, nikaondoka. Nami nilijua kuziona hakutoshi."

Shamirah alirudi hatua moja nyuma.

"Ungebaki na jambo hilo mwenyewe, Baba," alisema. "Sasa mimi nitalipeleka wapi?"

Swaib alirudi Jinja. Kila Ijumaa baada ya swala alipiga simu Nkoma, na kila mara alipokea Rajab: Shamirah amelala, Shamirah yuko sokoni. Swaib aliitikia, akaomba asalimiwe.

Mwaka uliofuata Nesi Nambozo alipita Mpumudde kumtembelea dada yake, akamkuta fundi kibandani.

"Hongera, Mzee. Shamirah anakaribia kujifungua. Miezi minane sasa."

Swaib hakuwa amesikia. Alijikaza asionyeshe.

"Na pale zahanatini," aliuliza, "mnayo betri?"

"Mpya kabisa. Waliileta watu wa wilaya ya Mbale."

"Vizuri," alisema. Alitaka kuuliza kama bintiye ndiye aliyetaka asiambiwe, asijue hata aanzie wapi.