Jua Lilipopatwa, Nikaifungia Tingi Ndani

Nisingewasimulia haya kwa hiari yangu, ila najua siku mkipita Tingi mkauliza nyumba ya Mwalimu Hamisi mtajibiwa, "Yupi, Mwalimu Salfa?" na hapo mtasimuliwa na mtu atakayeongeza chumvi, na mkasa wenyewe, wallahi, chumvi unayo ya kutosha. Afadhali nijiaibishe mwenyewe.

Mimi nafundisha sayansi shule ya msingi, na kijijini mwalimu wa sayansi ndiye huyo huyo anayeulizwa kwa nini redio inakoroma na kwa nini kuku wanakufa, kwa hiyo nilikuwa nimeshaanza kujiona mtu mkubwa kupita kiasi. Zikaja habari kwamba jua litapatwa, na kwetu litamegwa karibu lote libaki kama ukucha, nami nikapewa kazi ya kuwaandaa wananchi walitazame bila kuumia macho. Nikaletewa boksi la miwani maalumu ya makaratasi pamoja na karatasi ya maelezo yenye mistari sita: vaa miwani kabla hujainua uso, usiivue mpaka umeinamisha, miwani ya kawaida haisaidii, na kadhalika. Mistari sita tu! Mtoto wa darasa la pili angeisoma akamaliza akaenda kucheza.

Aliyefurahi kuliko wote ni mama yangu, Bi Somoe. Alipokuwa mdogo jua liliwahi kupatwa, baba yake akamfungia ndani na nduguze, wakafunikwa mablanketi na joto lile mpaka mambo yakaisha, na tangu siku hiyo mama ana dukuduku. Ameolewa, amezaa, amezika mume, dukuduku liko pale pale.

"Hamisi mwanangu," aliniuliza akiwa amenishika mkono, "safari hii nitaliona?"

"Utaliona mama, tena utakaa mbele kabisa, ubavuni mwa mgeni rasmi."

Akashukuru, kisha akanikumbusha bati lake lina matundu ya misumari, masika yaliyopita alilala na sufuria kitandani. Nikamjibu kama ninavyomjibu kila mwaka, "Kesho, mama."

Mkutano wa kijiji tukaufanya baada ya swala ya Ijumaa. Nikasoma mstari wa kwanza, nikasoma wa pili, nikainua macho nikaona nusu ya watu wamesinzia, maana ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho na watu walikuwa wameamka na mashine mgongoni tangu alfajiri. Mwenye akili angemalizia ile mistari minne akawaachia wakapumzike. Mimi nikaikunja karatasi nikaitia mfukoni (huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo hivyo), nikapaaza sauti, "Jamani, jua la siku hiyo ni salfa tupu!"

Wakaamka wote. Kwa asiyejua, salfa ni ule unga tunaopulizia mikorosho isishikwe na ugonjwa wa ubwiriunga, na ukikuingia jichoni utamwita mama yako hata kama alishatangulia mbele ya haki. Jirani akiwasha mashine, wewe unafunika maji, unaanua nguo, unaingiza watoto, unafunga dirisha na kungoja ipite. Mimi nilitaka kusema tu kwamba macho yataumia. Wao wakakumbuka utaratibu mzima.

Mzee Bakari, ambaye hajawahi kuuliza swali katika mkutano wowote, akasimama. "Sasa mwalimu, na mbuzi?"

Hapo ningesema mbuzi hawana shida na jua, lakini nani amewahi kuulizwa swali na Mzee Bakari? Nikakunja uso kitaalamu. "Mbuzi nao, kwa usalama, waingizwe."

"Na maji ya mtungini?"

"Tahadhari haina hasara, mzee wangu."

Kila nilipojibu walitikisa vichwa, na kila walipotikisa vichwa nami utamu ukanizidi, mpaka namaliza nilikuwa nimeshafunika visima, vyungu na watoto wachanga. Miwani niliitaja mwishoni kabisa, tena kwa haraka, kwamba itagawiwa uwanjani siku yenyewe. Nikarudi nyumbani nikijiambia leo nimefundisha.

Siku ikafika. Turubai limefungwa uwanja wa shule, viti vya plastiki vimepangwa, spika zinaita "haloo, haloo", na mgeni rasmi kutoka wilayani ameshuka garini na hotuba yake ya kurasa tano. Uwanjani tulikuwa mimi, yeye, dereva wake na kijana wa spika. Hata mbwa hakuwepo.

"Mwalimu, wananchi wako wapi?"

"Wako njiani, mheshimiwa."

Jua likaanza kumegwa upande mmoja, nami nikabeba boksi langu la miwani nikaanza kukimbia. Kwanza msikitini, ambako kibarazani kulijaa makubadhi na madirisha yote yamefungwa kwa matambara, maana kumbe ilikuwa inakaribia kusimamishwa swala ya kupatwa kwa jua (mimi, Hamisi mtoto wa madrasa, ratiba niliyoiandika ilikuwa na ngoma na hotuba, swala nimeisahau). Mzee Bakari akafunua dirisha upana wa kidole.

"Shikamoo mzee! Tokeni mchukue miwani, tutaliona!"

"Marahaba. Mwalimu, ingia ndani upesi, utakufa macho!"

"Mzee, mimi ndiye niliyesema..."

"Ndiyo, ulisema, na tumekusikia!" Dirisha likafungwa. Nikamsikia akimwambia mwenzake, kwa huruma kabisa, "Masikini, salfa imeshampanda kichwani." Kisha wakaanza kuswali, na swala ile, kama mjuavyo, ni ndefu.

Nikaenda kwenye majumba, kwa akina mama. Kila mlango umefungwa, kila tundu la dirisha limezibwa kwa kanga, na ndani mbuzi wanalia pamoja na watoto. Nikaona njia pekee ni kuwaonyesha kwa vitendo, nikavaa miwani yangu nikapiga kelele, "Tazameni, mimi nimevaa, sidhuriki!" Sasa, miwani ile ukiivaa huoni kitu chochote duniani isipokuwa jua. Nikapiga hatua mbili tatu za kishujaa, nikatumbukia kwenye shimo la udongo wa matofali, lenye maji, mbele ya macho yote ya Tingi yaliyokuwa yakichungulia pembeni mwa kanga. Goti likachubuka ukingoni, boksi nalo likafuata.

"Ameanguka!" sauti ya mwanamke ikasema ndani. "Si tumeambiwa?"

Basi mimi, katika shimo lile, nikawa nimethibitisha somo langu.

Nilipotoka, mwanga ulikuwa umepauka na kuku walikuwa wanatafuta pa kulala, na ndipo nikamkumbuka mama. Moyo uliniuma, sifichi. Nikakimbia na matope yangu hadi kwake, nikakuta mlango umekomewa.

"Mama! Fungua, utalikosa!"

"Ulisema salfa, mwanangu. Nimefunika mpaka chumvi."

Alikuwa ameniamini kila neno. Baba yake alimfungia mara moja, na mimi msomi nimemfungia mara ya pili, na ya tatu labda hatakuwepo. Nikausukuma mlango kwa bega, komeo likang'oka, nikaingia na mwanga wote wa nje nyuma yangu.

"Hamisi, funga mlango! Umevifuta!"

Sikuelewa, lakini nikafunga. Macho yalipozoea giza nikamwona amekaa chini, na mkekani, na kwenye kanga yake, na ukutani kwa chini, kumetawanyika vijua vidogo vidogo kama arobaini, vyote vimemegwa sawasawa, kila kimoja ukucha mwembamba unaong'aa. Kila tundu la msumari kwenye lile bati nililoahidi kuliziba lilikuwa limeliteremsha jua mpaka sakafuni. Mama alikuwa amekinga kiganja, kaukucha kamoja kamelala katikati yake, naye anacheka kimya kimya. Jambo hili nalifundisha darasa la sita kila mwaka, kwa kadibodi na sindano, na halikunijia hata mara moja.

Tukakaa pale, mama mkavu, mimi natiririka matope, mpaka vile vijua vikaanza kunenepa tena.

Nilipokumbuka uwanja nikarudi, nikamkuta mgeni rasmi anasoma ukurasa wa tano. Alikuwa ameisoma hotuba yote kama ilivyoandikwa, kuanzia "Ndugu wananchi mliofurika hapa leo", kwa kijana wa spika, na kwa dereva wake aliyekuwa amelala. Na msidhani aliniadhibu. Baadaye nikasikia taarifa yake inasema wananchi wa Tingi wamezingatia usalama kikamilifu na hakuna hata mmoja aliyeumia macho, kwa hiyo mwalimu apongezwe. Kweli tupu, hakuna aliyeumia macho. Goti ni langu.

Nyumba nyingi pale zina mabati ya matundu, na jioni ile wanawake walikuwa wanasimuliana walivyoliokota jua sakafuni. Aliyekuja kumhurumia mama kwa mwana aliyerukwa na akili alipewa chai akaambiwa aende zake. Kisha mama akaniita.

"Baba yangu alinifungia kwa kutojua," aliniambia. "Wewe umenifungia kwa kujua. Nashukuru Mungu alikunyima na bidii."

Nimeapa, na nyinyi ni mashahidi, nikipewa mistari sita nitasoma sita nikae chini, hata wasinzie wote, hata Mzee Bakari akoromee kifuani kwangu. Bati nalo siku ya pili yake nililipandia na lami na nyundo, nimedhamiria kwelikweli. Mama akatoka nje, akanionyesha tundu moja juu ya mahali anapotandika mkeka wake.

"Hilo liache."

Masika yakija tunatega sufuria.