Siku Boksi la Sauti Lilipokataa Kuwaka

Mimi kitu kisicho na kitambaa hunikera. Hapa kwangu televisheni ina kitambaa, redio ina kitambaa, jagi la maji lina kitambaa chenye shanga pembeni kisije kikapeperuka. Wanangu hunicheka, wanasema ukikaa karibu na mama muda mrefu utaondoka umefumiwa. Na wacheke tu. Wanaofagia siyo wao.

Nimeanza na vitambaa kwa sababu kosa langu liko hapo, na bora niliseme mapema kabla sijaanza kujitetea.

Mume wangu alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni. Miaka thelathini na moja na kipaza sauti. Watu walimbandika jina la Spika, likamganda. Sauti yake ilikuwa nzito, haina papara. Akikwambia treni imechelewa karibu umshukuru. Mwaka juzi koo likaota uvimbe, na daktari akasema zoloto, kile kiungo cha kooni kinachotoa sauti, lazima itolewe yote. Tukapewa wiki mbili kabla ya upasuaji. Katika wiki hizo alijifungia chumbani na simu yake, akarekodi: hadithi za wajukuu, matangazo ya treni, na namna anavyoniita mimi, "Bibie," akiivuta mpaka unajua kuna kitu anataka.

Rekodi arobaini na tatu. Mkwe wetu akazihamishia kwenye boksi jeusi lenye ukubwa wa mkate, lina diski mbili ndani, moja inanakili nyingine, ili moja ikifa nyingine ibaki. Simu yenyewe baadaye ilitumbukia kwenye ndoo ya nguo. Kwa hiyo sauti ya mume wangu ikabaki mahali pamoja tu hapa duniani: kwenye rafu ya sebuleni kwangu, chini ya kitambaa changu chekundu.

Siku hizi Spika anaandika. Ana kibao cheupe kinachoning'inia shingoni na kalamu ya kufutika. Nami nimekuwa hodari wa kumsoma. Akiandika maneno mawili nimeshajua la tatu. "Chai? Naleta." Namfutia kibao, huyo nakwenda jikoni. Alasiri akijilaza, naweka visikilizio masikioni, nasikiliza rekodi moja. Moja tu kwa siku, nisije nikazizoea.

Jumanne ile kifungua mimba wetu alimpeleka baba yake kliniki asubuhi. Nikaona nisisubiri alasiri. Nafungua kompyuta, boksi halionekani. Nikaenda kwenye rafu. Ile taa yake ya mbele, ambayo siku zote imetulia tuli, ilikuwa inakonyeza. Nikalizima boksi, nikaliwasha. Likalia kidogo, likaanza kukonyeza upya. Nikaondoa kitambaa, nikagusa juu, lina moto kama pasi.

Niliogopa. Sisemi nilishtuka, kushtuka ni jambo dogo. Nililipepea boksi kwa kawa, Mungu ananiona, kama mtu anampepea mgonjwa wa homa. Kisha nikampigia Fundi Taratibu.

Huyu ndiye anayetengeneza kompyuta za mtaa mzima, na jina amelipata kwa sababu hana neno jingine. Kabla hajafika nilikusanya vitambaa vyote vya boksi, nikavisukumia chini ya mto wa kochi, nikavikalia.

"Shikamoo mama. Taratibu, usilie. Tuanze mwanzo. Lilikuwa linapata hewa? Hakuna kitu kilichofunika?"

"Marahaba. Hakuna," nikasema. Uongo ulitoka laini kama siagi.

Ukweli ni kwamba pale pale nilikumbuka. Kama miezi miwili nyuma, Spika alisimama mbele ya rafu, akaandika: "Toa kitambaa." Nami nikadakia: "Najua, kimechafuka, nipe siku moja." Nikamfutia kibao. Nikakifua kitambaa, nikakipiga pasi, nikakirudisha. Alinitazama kwa muda, nikadhani anakisifia.

Fundi alilifungua boksi kwa bisibisi. Akapuliza feni, akachomoa kitu kwa kibano, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Mama, hizi nyuzi nyekundu?"

"Paka."

"Paka mwekundu?"

"Wapo."

Akanitazama, akatazama sakafu, akatafuta bakuli la paka asilione. Akachomoa diski zote mbili, akawasha boksi likiwa tupu. Taa ikakonyeza, ikakonyeza, halafu ikatulia. Nilipiga kelele ya furaha.

"Taratibu," akasema, na uso wake haukuwa wa furaha. "Likiwa tupu linaamka. Nikirudisha diski halitaamka." Akarudisha, kweli, konyezo. Akajaribu diski moja moja. Konyezo lile lile. "Umeme unaingia, taa unaiona. Basi inaonekana diski zimeungua, zote mbili. Ni nadra, lakini nimewahi kuona. Naweza kuweka mpya tukaanza upya."

"Na vilivyomo?"

"Vya zamani, mama, itabidi uviage."

Nimezaa watoto wanne, nimemsubiri mume wangu mlangoni mwa chumba cha upasuaji saa sita nzima. Sikuwahi kuogopa hivi. Kule daktari ndiye aliyekuwa na kisu. Hapa kisu nilikishika mwenyewe, nikakifumia na ua katikati. Ndani ya boksi lile mtu wangu alikuwa anakufa mara ya pili, nami nimekaa juu ya ushahidi.

"Lingekuwa limeshika joto," fundi akaendelea, akikusanya vyombo, "ningeshuku adapta ya umeme. Adapta ikichoka kwa joto inatoa umeme wa kuwasha taa, lakini wa kuzungusha diski haitoi. Ila umesema halikufunikwa."

Nikanyanyuka. Nikainua mto wa kochi, nikamwekea kitambaa mezani. Kifuko kidogo chekundu kikadondoka kutoka ndani yake.

Fundi akakiokota. "Na hiki nini tena?"

"Cha adapta," nikasema. "Ilikuwa imekaa uchi."

Kwa mara ya kwanza nilimwona Taratibu akiharakisha. Alipekua mkoba wake, akatoa adapta nyingine, akalinganisha namba zilizoandikwa nyuma ya zote mbili, volti kumi na mbili kwa kumi na mbili. Akachomeka. Taa ikaanza kukonyeza. Nikahesabu mpaka mia nikapotea, nikaanza tena. Nilimwahidi Mungu mambo mengi, mengine sina hata uwezo nayo. Kisha ndani ya boksi kikasikika kitu kinaanza kuzunguka, halafu cha pili, na taa ikatulia.

Fundi ndiye aliyenifungulia kompyuta. Zote arobaini na tatu zilikuwepo. Nikabonyeza ya kwanza niliyoiona, bila visikilizio, na sebule nzima ikajaa: "Abiria wa treni ya saa nane, njia namba tatu, tafadhali simameni nyuma ya mstari. Bibieee, na wewe pia, rudi nyuma."

Nililia kwa sauti. Ndiyo maana sikusikia mlango.

Spika alikuwa amesimama pale, bado ameshika bahasha ya kliniki, anasikiliza. Tangu upasuaji hakuwahi kukubali kuzisikiliza. Macho yake yakatoka kwenye kompyuta, yakaenda kwenye boksi lililo wazi, yakaishia kwenye kitambaa mezani.

"Ni mimi," nikaanza, "nisamehe, ni kitambaa, uliniambia na mimi nika..."

Akainua mkono. Akakaa kando yangu, akaionyesha kompyuta kwa kidole, akaandika: "Unamsikiliza huyu."

"Kila siku, ndiyo, kwa sababu..." Nikauma ulimi. Kalamu ilikuwa bado iko kwenye kibao.

"Unamsikiliza huyu mpaka mwisho," akamalizia. Akafuta mwenyewe kwa mkono wa shati, akaandika tena, polepole: "Mimi unanifutia kibao kabla sijamaliza."

Fundi akawa anakunja waya uliokwisha kukunjwa. Nikanyoosha mkono, nikazima ile sauti ya stesheni. Kisha nikaikalia mikono yangu yote miwili, kama mtoto aliyekatazwa kugusa.

"Andika," nikamwambia.

Akaandika, akafuta, akaandika. Niliogopa kila neno lililokuwa linakuja, na kila moja nililisubiri.