Boriti za Nyumba Yangu

Ukiingia nyumbani kwangu, huku karibu na Kengeja, utakaribishwa kwenye kitanda cha kamba, nawe utatazama juu. Wageni wote hutazama juu. Boriti zangu zimenyooka, nzuri hasa, na kila anayezisifu hunitia haya mpaka nikajitia kwenda kuchochea moto ambao haukuzimika.

Alizikata baba, wakati wa vita, mchele wa meli ulipoadimika madukani Mtambile na kila nyumba ikawa inategemea bonde. Bonde letu la mpunga linateremka hadi pwani. Kati ya mpunga na bahari kuna tuta la udongo, na mbele ya tuta ipo mikoko. Wazee walikubaliana zamani kwamba mikoko ile haikatwi, hata tawi la kuni, maana mizizi yake ndiyo inayolishika tuta, na tuta ndilo linalozuia maji ya chumvi. Hawakuambiwa na serikali yoyote. Mji wenyewe ulichagua mtu wa kuilinda, na mtu huyo alikuwa baba yangu.

Nilikuwa naolewa. Mama alikwisha kufariki, nami ni mtoto wa pekee, na baba hakutaka niende mbali naye. Akamwambia mchumba wangu kwamba nyumba ataijenga yeye, ubavuni mwa yake. Boriti alizikata siku za Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini na wanawake wakiwa jikoni. Watu walipoona mlinzi wao haonekani kwenye sala wakadhani mgonjwa, wakamletea uji. Akaunywa.

Kwangu alisema kazinunua ng'ambo ya ghuba. Nikamwamini, tena nikajigamba kisimani mpaka wenzangu wakachoka kunisikiliza. Siku ya kukandika, wanawake wa bonde walikuja na mitungi ya maji na makarai ya udongo, wakiimba, na boriti zilikuwa bado mbichi, zinachuruzika maji mekundu. Hakuna aliyeuliza. Nani amuulize mlinzi?

Bamvua iliyofuata, maji makuu ya mwezi mpevu, ikalipasua tuta. Mpunga ulikuwa unachanua. Ukageuka manjano, kisha ukakauka umesimama vilevile. Wanawake wakayafuata maji yalikopitia, wakavikuta visiki.

Aliyekuja kwangu alikuwa bibi aliyekuwa akigawa majaruba ya mpunga kila msimu, mkubwa wa wanawake wa bonde. Mie bado biarusi, hina haijatoka mikononi. Alikaa, akatazama juu, akaanza kunieleza taratibu walichokiona pwani. Kabla hajamaliza nilikuwa nimeelewa, na nilitamani ardhi ipasuke inimeze pamoja na nyumba yenyewe. Nikamwambia bibi yule kwamba mume wangu ataibomoa leo hii.

"Usiivunje, mwanangu," akasema. "Babako kashakata. Mkoko haurudi kwa kuvunja nyumba. Kaa humu humu."

Nilidhani kanihurumia. Ilikuwa adhabu, na niliijua nilipoanza kupokea wageni.

Baba hakufukuzwa wala hakukemewa. Ulinzi alipewa mtu mwengine, na baba akaambiwa aje kupanda pamoja na sisi. Tulizichomeka mbegu za mkoko topeni, moja moja, mji mzima, wengi wetu tumeshindia mihogo mitupu. Baba alipanda peke yake, upande wa mwisho. Aliposalimu waliitikia, basi, hakuna zaidi. Mimi nilikuwa katikati ya wanawake, namwona anavyojinyanyua kwa taabu kutoka kwenye tope, na sikwenda kumsaidia. Niliona aibu kuwa mwanawe. Kisha nikaona aibu kubwa kuliko ile, maana yeye yale yote aliyafanya ili mimi nisiwe mbali naye, na siku hiyo nilikuwa mbali naye kabisa.

Mikoko imerudi, tuta limeshika, bonde linalimwa. Baba keshatangulia mbele ya haki. Nyumba ipo, kwa sababu mchwa hawali boriti za mkoko. Wenzangu humwomba Mungu nyumba zao zidumu. Mimi nikishafagia huchukua mchi, nikazigonga boriti zangu moja baada ya moja, nikatega sikio nisikie kama ipo hata moja iliyoanza kuoza. Zote nzima.