Siku Iliyompotea Serwaah Njiani Kwenda Auckland

Shoga yangu Serwaah Dapaah anauza vitambaa soko la Kejetia, na kwa ubishi hana mpinzani. Mwanawe Ampofo alipopiga simu kutoka Auckland kusema mkewe amejifungua mtoto wa kiume, ugomvi ukaanza hapohapo. Kwetu Kumasi ilikuwa Jumapili jioni. Kule, Ampofo anasema, ni Jumatatu asubuhi. Na sisi mtoto huitwa kwa siku aliyozaliwa: wa Jumapili ni Kwasi, wa Jumatatu ni Kwadwo. Marehemu mume wa Serwaah alikuwa Kwasi. Mwanamke anaona amerudishiwa mtu wake, halafu saa za ugenini zimnyang'anye?

"Damu ni ya hapa," akasema. "Mtoto ni Kwasi."

Jina hutolewa siku ya nane, ukihesabu na ya kuzaliwa, alfajiri, kabla jua halijatoka, na bibi huyu ndiye aliyetakiwa kumdondoshea mtoto maji na pombe kali ulimini. Viza alikuwa nayo tangu mimba ya mkwewe. Ampofo akamkatia tiketi ya Ijumaa: masaa kama manane angani mpaka Dubai, kisha kumi na sita mengine bila kutua hadi Auckland. Mimi nilishika kiuno. Mtu akae kitini muda wote huo, miguu anaiweka wapi? Serwaah akahesabu kwa vidole: Ijumaa jioni napanda, Jumamosi usiku nimefika, Jumapili alfajiri nampa jina. Hakumuuliza mtu. Kichwa kigumu kile, kiulize mtu!

Ndegeni alitazama ramani kwenye skrini ya kiti cha mbele, kindege kikitambaa juu ya maji, na kila akisinzia kidogo akiamka jua limehama. Akachungulia dirishani aone siku zinabadilikia wapi. Akamuuliza mhudumu, naye akacheka tu.

Alipotua, kwa hesabu yake ilikuwa Jumamosi, inakaribia saa sita usiku. Nje jua linawaka. Ampofo akamwambia leo Jumapili, saa tano asubuhi. Serwaah akakalia sanduku lake. Alfajiri aliyoipigania ilikuwa imempita yuko juu.

"Mama, chagua," Ampofo akasema taratibu. "Akiwa Kwasi, alfajiri yake ya jina imepita na hukuwepo. Akiwa Kwadwo, ni kesho, na anakungoja wewe."

Alilia palepale, watu wakimpita na mizigo yao.

Alfajiri ya kule walitupigia simu ya video, tukajazana sebuleni kwangu. Serwaah amevaa nyeupe, mtoto mapajani, kidole kimelowa.

"Kwadwo," akasema, akimuusia ukweli, "ukisema maji, yawe maji."

Likafuata tone la pombe, mtoto akakunja uso, tukacheka sote. Kwetu ilikuwa bado Jumapili jioni. Serwaah alilijua hilo kuliko yeyote wetu pale sebuleni, na akamwita Kwadwo mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi.